Uraia si zawadi ya jukwaani

Kifungu cha 14 cha Katiba ya Kenya kina aya moja fupi yenye huruma kubwa. Mtoto akipatikana nchini, akaonekana hajatimiza miaka minane, na wazazi wake hawajulikani wala uraia wake, huchukuliwa kuwa Mkenya wa kuzaliwa. Kabila lake haliulizwi. Mzee wa mtaa haitwi kuthibitisha babu yake alizikwa wapi. Mtoto huyo ni wetu, basi.

Mchukue sasa mtoto wa pili, aliyezaliwa katika hospitali ya Msambweni, Kwale. Mama yake anajulikana, baba yake anajulikana, na nyanya yake kazikwa kijijini hapo hapo. Ila wazazi wake hawana vitambulisho, kwa kuwa wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi ya mkonge na hakuna serikali iliyowahi kuwaandikisha. Mtoto huyu si Mkenya. Angeokotwa kando ya barabara, asijulikane katoka wapi, hali yake mbele ya sheria ingekuwa bora.

Kinyume hicho si bahati mbaya ya uandishi wa sheria. Ni matokeo ya taifa lililokubali, kwa zaidi ya miaka 60, kuugeuza uraia kuwa hisani: hutolewa kwa kundi moja moja, mkuu wa nchi anapojisikia, mbele ya kamera, kisha mlango hufungwa. Gazeti hili linapiga kengele kwa sababu mlango huo sasa unafungwa kwa kufuli la kidijitali, na kila mwaka unaopita unafanya kazi ya kuufungua kuwa ngumu kuliko mwaka uliotangulia.

Chanzo kinajulikana. Uhuru ulipopatikana Desemba 12, 1963, Katiba ilimtambua papo hapo kama raia mtu aliyezaliwa Kenya ambaye angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Kenya. Waliosalia walipewa miaka miwili kujiandikisha. Mfanyabiashara wa mjini mwenye wakili alilijua hilo. Kibarua wa shamba la mkonge, asiyesoma gazeti wala kumiliki redio, nani alimwambia? Muda ukaisha Desemba 1965 naye bado yuko shambani. Mwaka 1985 Katiba ikabadilishwa, kuzaliwa katika ardhi ya Kenya kukaacha kutosha, ikabidi mzazi mmoja awe raia. Tangu hapo ukosefu wa uraia ukawa urithi: baba asiye na karatasi humzaa mtoto asiye na karatasi, naye humzaa mjukuu wa namna hiyo hiyo.

Waswahili walisema mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Wamakonde walipewa jembe siku ya kwanza, katika miaka ya 1930, na hawajaliweka chini hadi leo. Walilima mkonge, wakakata miwa, wakachonga mpingo unaouzwa kwa watalii wa Diani. Oktoba 2016 walichoka kusubiri, wakaanza safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais. Amri ikatoka kwamba wapewe vitambulisho kabla ya Desemba mwaka huo, na mapema 2017 wakatangazwa kabila la 43 la Kenya. Miezi michache baadaye Wakenya wenye asili ya Asia nao wakatangazwa kabila la 44, ingawa wengi wao walikuwa raia kamili kwa miongo kadhaa. Mtu mwenye akili timamu angeuliza kwa nini hesabu ya makabila ndiyo imekuwa kipimo cha nani ni Mkenya, wakati Katiba ya 2010, katika sura nzima inayohusu uraia, haikutaja kabila hata mara moja.

Washona walifuata. Wazee wao walifika katika miaka ya 1960 kutoka Zimbabwe na Zambia wakihubiri dini, wakakaa, wakawa maseremala na wasusi wa vikapu pembezoni mwa Nairobi. Katika sherehe za Jamhuri za Desemba 2020 Rais alitangaza kuwatambua, pamoja na baadhi ya familia zenye asili ya Rwanda. Kisha ikaja zamu ya Wapemba. Julai 2023, mjini Kilifi, Rais mwingine aliwakabidhi vyeti.

Kisa cha Wapemba kina kichekesho chake. Mwambao wa maili kumi, kutoka Vanga hadi Kipini, pamoja na Lamu, ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar hadi mkesha wa uhuru. Waingereza waliusimamia kwa mkataba wa mwaka 1895. Mvuvi aliyetoka Wete, kisiwani Pemba, katika miaka ya 1930 akatia nanga Shimoni au Kipini hakuhama nchi, alihama kutoka mkono mmoja wa Sultani kwenda mkono wa pili. Mpaka ulimkuta hapo. Na sheria iliyotungwa baadaye kuwasaidia watu kama yeye ikaweka sharti kwamba mwombaji ajue Kiswahili au lugha ya kienyeji. Mpemba apimwe Kiswahili! Hata hivyo vizazi vitatu vya familia yake vilikimbia boti za polisi baharini kwa kukosa leseni ya uvuvi, kwa sababu leseni inataka kitambulisho.

Hatusemi sherehe hizo zilikuwa bure. Mtu aliyepokea kitambulisho akiwa na miaka 70 alipata alichonyimwa maisha yake yote, na viongozi waliotoa amri hizo wanastahili sifa kwa hilo, kama wanavyostahili maafisa, mashirika ya haki na wanakijiji waliosukuma jambo kwa miaka bila kuandikwa popote. Tunachosema ni kwamba kilichotolewa kwa amri hakikugusa sheria iliyowafanya watu hao wakose uraia. Sheria hiyo ipo pale pale, inaendelea kuzalisha wengine.

Bunge liliwahi kuufungua mlango ipasavyo. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 iliruhusu mtu asiye na uraia wa nchi yoyote, aliyeishi Kenya mfululizo tangu Desemba 12, 1963, aombe kusajiliwa kuwa raia. Iliwagusa pia wahamiaji wa zamani na watoto wao. Lakini iliweka kikomo cha miaka mitano, na nyongeza ya miaka mitatu tu. Kikomo kikafika mwaka 2019. Wengi wa waliokusudiwa hawakuwahi kusikia kwamba sheria hiyo ipo. Kosa la 1963 likarudiwa neno kwa neno: haki ikapewa tarehe ya kuisha, tangazo likabaki katika Gazeti Rasmi la Serikali, na muda ulipoyoyoma serikali ikahesabu kwamba imetimiza wajibu wake.

Wapo pia wale ambao sheria inawatambua lakini dawati la usajili halitaki kuwaona. Wanubi wa Kibra ni wajukuu na vitukuu vya askari wa Sudan waliopigania Waingereza katika jeshi la King's African Rifles. Wamekuwa pale tangu Nairobi yenyewe ikiwa changa. Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya imevunja haki za watoto wa Kinubi kwa kuwaacha bila uhakika wa uraia, kuwabagua, na kwa hivyo kuwanyima elimu na afya sawa na wenzao. Miaka minne baadaye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ikaipata Kenya na hatia katika kesi ya jumuiya hiyo hiyo. Mwaka 2017 Wanubi wakapewa hati ya ardhi ya ekari 288. Hata baada ya hayo yote kijana wa Kinubi aliyetimiza miaka 18 aliendelea kupelekwa mbele ya kamati ya kumpiga msasa, huku jirani yake wa jina la Kikamba au la Kiluo akiandikishwa asubuhi na kurudi nyumbani kula chakula cha mchana.

Msasa huo ndio ubaguzi uliovaa sare ya utaratibu. Anayepitia hapo hutakiwa kuleta kitambulisho cha baba, cha babu, wakati mwingine barua ya chifu na kiapo cha wakili. Kamati hukaa mara chache kwa mwaka. Wengine husafiri siku nzima kufika, wakaambiwa warudi mwezi ujao. Hakuna sababu ya maandishi anapokataliwa, na pasipo sababu ya maandishi hana cha kukatia rufaa. Na mahali ambapo afisa mmoja ana uwezo wa kukataa bila kueleza, pana bei ya kukubali. Wakenya wa mipakani wanaijua bei hiyo.

Kwa Wakenya wenye asili ya Kisomali jambo hili lina historia yenye uchungu zaidi. Mwishoni mwa 1989 serikali iliwapanga foleni peke yao, kabila moja kati ya makabila yote, wakaguliwe na kupewa kadi ya ziada ya rangi ya waridi ili kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Wagalje'el wa Tana River walinyang'anywa vitambulisho vyao katika zoezi hilo. Aprili 2014, katika operesheni iliyoitwa Usalama Watch, maelfu walizolewa Eastleigh na kufungiwa katika uwanja wa Kasarani, wakiwemo waliokuwa na vitambulisho halali mfukoni. Ilidhihirika siku hizo kwamba kadi haimlindi mtu ikiwa anayeikagua ameshaamua usoni pake kwamba yeye si raia.

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais alitia saini tangazo la kukomesha msasa wa ziada kwa wakazi wa kaunti za mpakani. Ni hatua ambayo gazeti hili linaiunga mkono bila kigugumizi. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi wa kabila, dini na kuzaliwa, na Kifungu cha 12 kinasema kila raia anastahili pasipoti na stakabadhi za utambulisho. Msasa wa kabila ulikuwa ukivunja vifungu hivyo tangu siku vilipoidhinishwa. Lakini tangazo la Rais si sheria ya Bunge. Rais ajaye anaweza kulifuta kwa karatasi moja. Afisa wa usajili anaweza kulizunguka leo kwa kubadilisha jina la fomu. Kijana wa Wajir anahitaji kitu ambacho hakitegemei nani yuko Ikulu.

Tena tangazo hilo halimgusi aliyesajiliwa mara mbili. Kambi ya wakimbizi ya Dadaab ilifunguliwa mwaka 1991. Ukame ulipobana, familia za Wakenya wa Garissa na kaunti jirani zilizokuwa zikiona mahindi, mafuta na shule upande wa pili wa ua, ziliandikisha watoto wao kama wakimbizi ili wale na wasome. Wengine walikuwa watoto wachanga mikononi mwa mama zao. Leo wanapofika dawatini wakiwa na miaka 25 au 30, alama za vidole hujibu kwamba ni wakimbizi kutoka Somalia, na faili hufungwa. Somalia haiwajui. Kambi si kwao. Kenya, nchi ya baba zao na ya ngamia wao, inawaadhibu kwa sababu iliwaacha na njaa walipokuwa wadogo. Ni maelfu ya watu, na kuwatoa katika sajili ya wakimbizi kumekwenda kwa makundi, kwa kusitasita, huku ujana wao ukiisha.

Mtu asiye na kitambulisho Kenya hana laini ya simu kwa jina lake, kwa hivyo hana njia halali ya kutuma wala kupokea pesa kwa simu. Hafungui akaunti ya benki. Hapati namba ya ushuru, na pasipo namba hiyo hakuna mwajiri rasmi anayemwandika. Hapigi kura. Hamiliki shamba hata kama amelilipia. Hawezi kujisajili katika bima ya afya ya SHA kwa njia ya kawaida. Mtoto wake akikosa cheti cha kuzaliwa, huanza kupata matatizo katika sajili ya wanafunzi, na akifaulu mtihani bila kitambulisho cha kuombea mkopo wa HELB, chuo kikuu humpita. Haolewi wala haoi kwa cheti. Polisi akimsimamisha usiku, ana jibu moja tu, nalo liko ndani ya noti.

Ukiyatazama hayo kwa makini utagundua kwamba mengi hayakuwepo miaka 30 iliyopita. Mvuvi wa Vanga wa mwaka 1990 aliuza samaki kwa fedha taslimu, akanunua dawa kwa fedha taslimu, akaishi pembeni mwa serikali bila kufa. Mwanawe wa leo hawezi. Kadiri huduma zinavyohamia kwenye mtandao, ndivyo pembeni pa kuishi panavyotoweka. Hapo ndipo penye hatari tunayotaka wasomaji waitazame.

Mahakama Kuu iliiona hatari hiyo mapema. Januari 2020 majaji watatu, wakiamua kesi iliyopelekwa na Nubian Rights Forum na wenzao dhidi ya mpango wa utambulisho wa kidijitali wa Huduma Namba, walikubali kwamba watu wasio na stakabadhi wanaweza kuachwa nje ya mfumo huo, wakaitaka serikali iweke kwanza kanuni kamili. Oktoba 2021 mahakama hiyo ilisema kadi za Huduma zilitolewa kinyume cha sheria kwa kuwa athari zake kwa data za watu hazikupimwa. Mabilioni yakaenda na maji. Serikali iliyofuata ikaja na Maisha Namba, nambari moja ya kumfuata mtu tangu kuzaliwa hadi kufa. Mpango unaweza kuwa mzuri. Lakini sajili inayoanza na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi haimwoni mtu ambaye mzazi wake hakuwa na kimoja wala kingine, na kompyuta ina ukatili wake: chifu mwenye huruma huweza kuandika barua, mtambo hujibu kwamba jina halipo. Tukijenga ghorofa hilo kabla ya kuziba nyufa za msingi, tutalazimika kulibomoa pamoja na wapangaji wake.

Wanaopinga wana hoja mbili, na hatuzipuuzi. Ya kwanza ni usalama. Kenya imezika watu wengi mno. Westgate mwaka 2013, na Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2, 2015, ambako watu 148 waliuawa. Hakuna mzazi anayetaka mlango uachwe wazi kwa muuaji. Lakini mmoja wa washambuliaji wa Garissa alikuwa Mkenya aliyesomea sheria katika chuo kikuu cha umma hapa nchini, na baba yake alikuwa chifu. Msasa usingemzuia, mlango ulikuwa wake. Anayewazuia magaidi ni mpelelezi mwenye taarifa, na taarifa hutoka kwa wanakijiji wanaoiamini serikali. Kumnyima kijana wa Mandera kitambulisho kwa miaka mitano hakuongezi imani hiyo hata chembe. Tena mtu asiyeandikwa popote ndiye mgumu kumfuatilia kuliko wote. Serikali inayotaka kujua nani yuko ndani ya mipaka yake ingeanza kwa kumwandika.

Hoja ya pili husemwa kwa sauti ya chini: hawa wakitambuliwa watadai ardhi, kazi na viti. Ndiyo, watadai. Uraia ni kudai. Makundi tunayoyazungumzia ni madogo, mengine hayajazi uwanja wa mpira, na kazi wanazifanya tayari, kwa ujira wa chini kwa sababu hawana pa kulalamikia. Anayefaidika na hali hiyo si Mdigo wala Mgiriama jirani yao. Ni mwajiri anayelipa nusu.

Nchi nyingine za Afrika zimetuonyesha njia zote mbili. Tanzania iliwapa uraia wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 na watoto wao, zaidi ya watu 160,000, wengi wao katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Vyeti vilicheleweshwa kwa miaka kadhaa hadi 2014, na ucheleweshaji huo ulikuwa na maumivu yake, lakini nchi haikuanguka. Mashariki mwa Kongo ilichaguliwa njia ya pili. Sheria ya 1972 iliwatambua kama raia watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwepo tangu kabla ya 1950, kisha sheria ya 1981 ikawafutia uraia huo kana kwamba haukuwahi kuwepo. Swali la nani Mkongomani na nani mgeni likawa risasi mwaka 1996, na risasi hiyo bado haijaacha kuua. Ivory Coast, mgombea urais alizuiwa mwaka 2000 kwa madai kwamba si raia halisi, na miaka miwili baadaye nchi ikagawanyika kwa vita. Ni kweli, vita hivyo vilikuwa na sababu nyingi. Lakini katika kila kimoja, wanasiasa walikuta silaha hiyo tayari imenolewa na maafisa wa usajili.

Na asijidanganye Mkenya wa kabila kubwa kwamba silaha hiyo haimhusu. Zambia, mahakama ilimtangaza Kenneth Kaunda mwaka 1999 kuwa si raia wa nchi aliyoitawala kwa miaka 27, kwa sababu wazazi wake walitoka Malawi, baadaye alirejeshewa. Hapa kwetu, Februari 2018, mwanasiasa wa upinzani Miguna Miguna, mzaliwa wa Nyando, alipakiwa kwenye ndege hadi Kanada kwa hoja kwamba si Mkenya. Mahakama Kuu ilisema ni raia wa kuzaliwa na ikaamuru alipwe fidia, lakini alikaa nje hadi Oktoba 2022. Iwe mtu anakubaliana na siasa zake au hakubaliani, jambo lililomfika ni hili: uraia ukishakuwa kitu cha kupewa, siku moja anayekupa atakuudhi, au wewe utamuudhi.

Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Miezi inayotangulia uchaguzi ndiyo misimu ambayo vitambulisho hugawanywa kwa pupa katika ngome za wenye nguvu na kucheleweshwa kwingine. Ndiyo misimu pia ambayo jamii ndogo huahidiwa uraia jukwaani, zikashangilia, zikaambiwa zikumbuke ni nani aliyeziona. Mwaka 2028 hautakuwa na haraka hiyo. Kama kuna wakati wa kuliondoa jambo hili mikononi mwa wagombea, ni sasa, kabla ya sajili ya wapigakura kufungwa na kabla ya mbio za kura kufanya kila mswada kuwa mateka.

Kwa hivyo tunatoa uamuzi wetu waziwazi. Bunge lirekebishe Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ili haki ya kusajiliwa kwa watu wasio na uraia na vizazi vyao isiwe na tarehe ya kuisha. Mtoto aliyezaliwa Kenya ambaye angekosa uraia wowote, atambuliwe kuwa raia siku anayozaliwa, sawa na yule wa kuokotwa. Kabila liondolewe katika fomu na taratibu zote za kuamua uraia. Wanaotaka kujua kabila kwa ajili ya sensa wana sensa yao. Tangazo la Wajir liandikwe kuwa sheria, na lihusu Kibra, Kwale na Mombasa Mji wa Kale kama linavyohusu Mandera. Anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi katika siku zisizozidi idadi itakayotajwa na sheria, na rufaa yake isikilizwe na chombo ambacho si kile kilichomkataa.

Wizara ya Usalama wa Ndani, kwa upande wake, haihitaji kusubiri Bunge kwa mambo mawili. Inaweza kuwaondoa waliosajiliwa mara mbili katika orodha ya wakimbizi kwa zoezi moja lenye tarehe ya mwisho kwa serikali, si kwa mwananchi. Inaweza pia kuagiza kila mtoto anayezaliwa katika kituo cha afya apewe uthibitisho wa kuzaliwa kabla mama yake hajaruhusiwa kwenda nyumbani, awe na kitambulisho au asiwe nacho. Cheti cha kuzaliwa si uraia, na maafisa wanaowarudisha akina mama kwa kisingizio hicho wanalijua hilo vizuri.

Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walipitisha itifaki ya haki ya uraia na ya kukomesha hali ya watu kutokuwa na utaifa barani. Kenya, iliyojisifu kwa Wamakonde, Washona na Wapemba, haina kisingizio cha kutoiridhia na kuitekeleza.

Wabunge na maseneta wa Pwani, wa Kaskazini na wa Nairobi wana wapiga kura wanaowajua kwa majina na wengine wanaowajua kwa majina lakini hawawezi kupiga kura. Mswada unaweza kuwasilishwa na mbunge yeyote. Tunawataka waupeleke katika kikao hiki, na tunawataka wasomaji wetu wawaulize, kila wanapokuja kuomba kura, kama wameupeleka.